Saa Iliyotoka Ndani ya King'amuzi

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuhamia dijitali. Zamu ya Mwanza ilifika tarehe 28 Februari 2013. Kanda ya Ziwa, kama kwingineko, watu walizungumzia bei ya king'amuzi, malipo ya mwezi na nani ataonyesha mpira. Hakuna aliyejali sana kile kidirisha kidogo cha mbele, chenye tarakimu nne nyekundu au za kijani zinazotaja namba ya chaneli, na ambazo katika ving'amuzi vingi hugeuka kuwa saa kifaa kikizimwa kwa rimoti.

Ving'amuzi vingi vya kizazi kile vimeshakufa. Kinachokiua king'amuzi mara nyingi ni upande wa umeme: kapasita huvimba kichwa, fyuzi hukatika, au bodi nzima huungua umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Zile tarakimu nne hazihusiki na ugomvi huo, na hubaki nzima. Ndiyo maana fundi mzoefu, awe Bariadi mjini, Maswa, Lamadi au Mwanhuzi, haitupi bodi iliyokufa. Hubandua vinavyofaa na kuviweka akiba. Mwenye tarakimu nne nzima, kristali moja na chipu ya kuhesabia ameshapata zaidi ya nusu ya saa ya ukutani.

Saa inayoundwa hivyo ina mambo mengi nyuma yake. Kila kioo cha namba kilichofika kwenye meza ya fundi wa Simiyu kililetwa na uamuzi uliofanyika mbali naye: marufuku ya forodha, soko kufunguliwa, mitambo kuzimwa, simu kufungiwa. Ukivipanga vioo hivyo kwa umri wao, unaona nusu karne ya nchi ikipita mezani.

Mkoa wenyewe ni mchanga. Simiyu ilianzishwa rasmi Machi 2012, sehemu kubwa ikimegwa Shinyanga na Busega ikitolewa Mwanza. Wilaya zake ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na jina lake ni la mto Simiyu unaomwaga maji Ziwa Victoria. Wenyeji wengi ni Wasukuma. Upande wa Bariadi ndiyo nchi ya Ntuzu, kwa Wanyantuzu. Ni nchi ya ng'ombe, na kwa pamba ndiyo inayoongoza Tanzania nzima.

Watu wa nchi hii waliijua siku kwa jua, na jua la hapa ni mwalimu mwaminifu. Bariadi iko karibu nyuzi tatu kusini mwa Ikweta. Tofauti kati ya siku jua linapowahi zaidi kuchomoza na siku linapochelewa zaidi ni kama nusu saa tu kwa mwaka mzima. Anayeanza kuhesabu saa zake asubuhi hapotei Januari wala Julai. Kukamua, kufungua zizi, kwenda shamba kabla jua halijawa kali, kurudisha mifugo: kazi zote hizo zilikuwa na wakati wake bila kuhitaji mshale wala tarakimu.

Saa ya dakika ilikuja na reli. Njia ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Malampaka, ambayo leo imo Wilaya ya Maswa. Kuanzia hapo palikuwa na mahali katika nchi hii ambapo kuchelewa kidogo kulimaanisha kulala hapo hapo. Shule nazo zilikuja na kipindi cha kwanza, cha pili na mapumziko, vikigongwa kwenye rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Mwalimu wa zamu ndiye mwenye saa mkononi; wengine wote, kuanzia watoto darasani hadi mama aliye shambani ng'ambo ya korongo, husikia tu kwamba wakati umefika.

Hilo la kusikia lina uzito. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, saa katika vijiji vya Usukuma ilikuwa sauti. Rimu ilisikika, adhana ilisikika, kengele ya kanisa ilisikika. Baadaye ikaja sauti kubwa kuliko zote: redio.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Mwaka 1956 likaja shirika la utangazaji la Tanganyika, TBC ya kwanza, na mwaka 1965 ikazaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ikitanguliwa na milio ya ngoma, ndiyo iliyokuwa saa kuu ya taifa. Mwenye saa ya mkono alisogeza mishale yake wakati huo. Asiye nayo alijua kuwa ni wakati wa kula au wa kufunga mlango.

Pamba ndiyo iliyonunua redio hizo. Msimu wa ununuzi ulipofunguliwa, fedha za mauzo zilibadilika kuwa mabati, ng'ombe, baiskeli na redio. Baadhi ya redio zilitengenezwa hapa hapa nchini: kampuni ya Kijapani ya Matsushita iliweka kiwanda Dar es Salaam miaka ya 1960, kikitoa redio na betri za National, na Arusha palikuwa na kiwanda cha Philips. Betri zilikuwa ghali kuliko uvumilivu wa mtu wa kijijini kuzitupa. Zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati au jiwe, zikapata joto, zikatoa nguvu ya jioni moja au mbili zaidi.

Kutokana na redio hizo ndipo alipozaliwa fundi redio, na kazi zote za kielektroniki zinazofanyika leo Simiyu zina nasaba naye. Alikuwa na chuma cha kulehemu, mara nyingi cha kupashwa kwenye jiko la mkaa, risasi ya kulehemia, bisibisi na mita. Alisoma rizista kwa michirizi yake ya rangi. Alijua kwamba redio inayokwaruza inahitaji kusafishwa kitufe cha sauti, na inayonong'ona huenda spika yake imechanika. Juu ya yote alijifunza jambo ambalo halina cheti: kifaa kilichokufa ni ghala la spea. Transista ya redio isiyopona huiponya nyingine.

Lakini ndani ya redio hizo hamkuwa na tarakimu hata moja ya kuwaka. Masafa yalioneshwa na mshale mwekundu uliovutwa na uzi kwenye kapi ndogo, ukitembea juu ya namba zilizochapwa kwenye plastiki. Uzi ukikatika, fundi aliufunga upya, kazi ya vidole na subira. Namba inayowaka yenyewe, inayobadilika yenyewe na kusomeka gizani, ilikuwa bado haijafika.

Kwingineko duniani ilikuwa imekwisha kuzaliwa, na ilikuwa na umri wa kutosha. Mwaka 1955 kampuni ya Burroughs ya Marekani ilianza kuuza taa za kioo zinazoitwa Nixie, zenye gesi ya neoni ndani na waya kumi zilizopindwa kwa umbo la 0 hadi 9, zikipangwa moja nyuma ya nyingine. Mwaka 1962 Nick Holonyak, akiwa General Electric, alitengeneza LED ya kwanza ya mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho. Mwaka 1967 Tadashi Nakamura wa Ise Electronics, Japani, alibuni kile kioo cha rangi ya kijani kibichi kinachokaribia buluu, ambacho baadaye kilitawala mbele ya deki na redio za mezani. Na mwaka 1972 Hamilton ilitoa saa ya mkono ya Pulsar yenye tarakimu nyekundu, kwa dola 2,100, fedha ya kununulia gari wakati huo. Mvaaji alilazimika kubonyeza kitufe ili aone saa, kwa sababu tarakimu zikiachwa zikiwaka zingeimaliza betri.

Tanzania ilikaa nje ya habari hiyo kwa sehemu kubwa, na kwa makusudi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, na televisheni zikaingia katika marufuku hiyo. Sababu zilikuwa za fedha za kigeni na za siasa: nchi iliyokuwa ikijenga vijiji vya ujamaa haikutaka kutumia dola zake kwa vitu hivyo. Matokeo yake kwa fundi wa Bariadi yalikuwa ya moja kwa moja. Wakati mafundi wa nchi nyingine wakifungua mashine za hesabu na rejista za dukani zilizochakaa, yeye aliendelea kufunga uzi wa mshale. Huwezi kuokoa kioo ambacho hakikuingia nchini.

Hata hivyo, namba yenyewe haikuwa ngeni kwa watu wa hapa. Waliijua kwa uchungu, kwa sababu ya mizani.

Kabla ya ushirika, mkulima wa Kanda ya Ziwa alibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi, ikawekwa kwenye mizani ya mnunuzi, ikasomwa na karani wa mnunuzi. Namba ilikuwa upande wa pili wa meza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kudai wapimaji wao wenyewe, watakaosimama kando ya mizani na kuhakikisha uzito uliotajwa ndio uliopimwa. Paul Bomani wa Mwanza alijenga harakati yake juu ya dai hilo, akizunguka Usukuma kuwaunganisha wakulima. Mwaka 1955 likasajiliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, VFCU, ambalo kabla ya mwongo kwisha lilikuwa limeshika biashara ya pamba ya Jimbo la Ziwa. Bomani akawa waziri katika serikali ya nchi huru. Nguvu yote hiyo ilianzia kwenye swali la nani anaruhusiwa kuiona namba.

Swali hilo halijafa. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudi miaka ya 1980, biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, na tangu msimu wa 2018 pamba imerudi kuuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS. Katika zamu zote hizo wakulima wamelalamikia mizani: ya rula, ambayo mkono mwepesi wa mpimaji huweza kuichezea, na ya saa, ile ya kuning'iniza yenye uso wa duara na mshale. Katika miaka ya karibuni zimeingia mizani za kidijitali, na kitu cha kwanza anachokifanya mkulima akishaweka robota lake ni kusogea aone zile tarakimu. Anayedhani kioo cha namba ni pambo la kifaa asimame siku moja kwenye kituo cha kununulia pamba.

Vioo vyenyewe vilianza kufurika miaka ya 1990. Televisheni binafsi zilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, na nyuma ya televisheni zikaja deki za video, redio za kaseti zenye saa, na vyombo vya mitumba kutoka Dubai, Japani na Ulaya. Deki ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya tarakimu kwa mafundi wengi. Kioo chake kilikuwa cha ule uzao wa Nakamura: chupa bapa isiyo na hewa ndani, yenye nyuzi nyembamba kama nywele zinazopashwa moto, na fosfori inayong'aa inapopigwa na elektroni. Ni kizuri kuliko LED, lakini ni kigumu kukiokoa. Kinataka umeme wa kupasha zile nyuzi na umeme mwingine wa volti 20 au 30 wa kukiwasha, kwa hiyo fundi anayekitaka hana budi kukichukua pamoja na bodi ya umeme ya deki. Wengi waliishia kukitazama tu.

Deki ilifundisha somo jingine. Kila umeme ulipokatika, saa yake ilirudi mwanzo na kupepesa sifuri, au kumi na mbili kamili, mpaka mtu airekebishe. Katika miaka ya mgao mkali, kama 2006 na 2011, hakuna aliyejisumbua tena. Nyumba nyingi zilikuwa na saa inayopepesa sebuleni na isiyotaja wakati wowote. Saa yoyote itakayotengenezwa kwa ajili ya Simiyu lazima ianze na tatizo hilo: ihifadhi wakati gizani.

Baada ya deki ikaja sabufa. Hakuna mnada wa Simiyu usio na sabufa inayopigwa kwa nguvu kumvuta mteja, na mbele ya sabufa za bei nafuu kuna kidirisha cha tarakimu nyekundu kinachoonyesha masafa ya FM au namba ya wimbo kwenye flashi. Vyombo hivi hufa haraka, na kila kinapokufa huacha tarakimu. Kisha vikaja ving'amuzi vya 2013 na kuendelea, kwa maelfu, vyenye tarakimu nne zilizopangwa tayari kwa umbo la saa, mara nyingi na nukta mbili katikati.

Simu nazo zilitoa fungu lao. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizizima simu zote bandia zilizokuwa kwenye mitandao ya nchi. Mamia ya maelfu ya simu zilinyamaza kwa mkupuo, zikiwa nzima kabisa isipokuwa haziwezi kupiga. Vioo vya nyingi kati ya hizo ni vigumu kuvitumia kwingine, kwa sababu kila kiwanda kina njia yake ya kuviendesha. Kuna kimoja kinachosifika duniani kote kwa wepesi wake: cha Nokia 5110, chenye nukta 84 kwa 48, kinachoendeshwa na chipu inayojulikana kwa kila anayejifunza kazi hii. Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000 na kujaa Afrika Mashariki, ina kioo cha ukubwa huo huo wa nukta. Hakiwaki kama LED, lakini kinakula umeme kidogo mno na kinasomeka juani.

Sasa meza ya fundi. Kioo cha tarakimu nne kina, kwa kawaida, pini 12. Kila tarakimu ina vijiti saba vya mwanga na nukta moja, kwa hiyo taa zote ni 32, na kwa mtu anayekiona mara ya kwanza hesabu hiyo haikai sawa na pini 12. Jibu lake ni kwamba vijiti vinavyofanana vimeunganishwa: kijiti cha juu cha tarakimu zote nne kina pini moja, cha katikati pini moja, na kadhalika hadi pini nane. Zinazobaki nne ni za tarakimu zenyewe, kila moja na ya kwake ya kuiamsha. Chipu huwasha tarakimu ya kwanza, huizima, huwasha ya pili, huizima, ikizunguka zote nne mamia ya mara kwa sekunde. Kwa wakati wowote inayowaka ni moja tu. Jicho haliwezi kufuata kasi hiyo, basi linaziona zote nne zikiwaka pamoja.

Kuijua ramani ya pini hizo hakuhitaji karatasi ya kiwandani. Betri mbili za rimoti hutoa volti 3, na rizista ya omu 220 huzuia kijiti kisiungue. Waya mmoja hushikwa kwenye pini, wa pili hupitishwa pini moja baada ya nyingine. Kijiti kinawaka, fundi anakiandika kwenye kipande cha boksi: pini hii na ile, kijiti cha chini cha tarakimu ya tatu. Akigeuza betri na kijiti kikakaa kimya, anajua kama pini za tarakimu ni za chanya au za hasi. Kazi nzima ni ya robo saa, na mwisho wake kipande hicho cha boksi kina thamani kuliko kioo chenyewe, kwa kuwa kitatumika kwa kila king'amuzi cha aina ile kitakachofuata. Katika baadhi ya ving'amuzi kibodi cha mbele kina chipu yake, kama TM1650 au ndugu zake, inayopokea maagizo kwa nyaya mbili tu. Hapo fundi akipata mwenye kujua programu, hana hata haja ya kubandua.

Kinachofuata ni moyo wa saa, na hapa kuna njia mbili. Redio za mezani za zamani zilihesabu mawimbi ya umeme wa ukutani. Umeme wa Tanzania hupinduka mara 50 kwa sekunde, yaani 3,000 kwa dakika, na chipu kama LM8560 iliyomo ndani ya redio hizo huhesabu hayo na kusogeza tarakimu. Ni njia rahisi, ila inaiamini Gridi ya Taifa kupita kiasi. Mapigo yakishuka hadi 49.8 na kubaki hapo siku nzima, saa itapoteza karibu dakika sita. Na umeme ukikatika, saa haina cha kuhesabu.

Njia ya pili ni kristali. Ndani ya kila saa ya ukutani ya bei rahisi, zile za mshale zinazouzwa barabarani, mna kijisilinda kinachokaribia ukubwa wa punje ya mchele, na ndani yake kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo imechaguliwa kwa sababu ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata moja: sekunde. Kristali hiyo ikiunganishwa na chipu ya kutunza wakati kama DS1307 na betri bapa ya sarafu, saa huendelea kuhesabu hata nyumba ikikaa gizani kwa miezi. Kristali ya kawaida hukosea chini ya sekunde mbili kwa siku, karibu dakika kwa mwezi. Kwa kuendesha tarakimu, wengi siku hizi hutumia bodi ya Arduino, iliyobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 na michoro yake kuachwa wazi kwa yeyote. Uwazi huo ndio ulioruhusu viwanda vya China kuinakili kwa bei ndogo, na ndio ulioifikisha Kariakoo.

Hapo ndipo fundi anapopata uhuru ambao saa ya dukani haimpi. Saa ya dukani husema 20:00, na mtu wa Simiyu huisoma saa mbili usiku bila hata kufikiri, kwa mazoea ya kuondoa sita, au kumi na nane, kichwani. Saa ya kujiundia inaweza kufanya hesabu hiyo yenyewe. Mstari mmoja wa programu unatosha ili jua linapozama tarakimu ziwe zimepita 12:00, na taarifa ya habari ianze zikiwa 2:00. Hili linastahili kufanywa zaidi ya linavyofanywa. Tarakimu za kidijitali zilibuniwa na watu wanaoanza siku usiku wa manane, lakini ndani ya vijiti saba hakuna kitu kinachoilazimisha siku ianze hapo.

Thamani ya kazi hii haionekani kwenye mizani ya chuma chakavu. Wanunuzi wa skrepa hulipa kwa kilo, na wanachokitaka ni shaba, aluminiamu na chuma. Kioo cha tarakimu nne kina uzito wa gramu chache, kwa hiyo bei yake ni sifuri. Bodi zisizo na shaba ya kutosha hutupwa jalalani, na nyaya huchomwa moto ili plastiki iyeyuke, moshi wake ukiingia kwenye mapafu ya watoto wanaozichoma. Duniani, mwaka 2022, taka za kielektroniki zilifika tani milioni 62, na chini ya robo ndiyo iliyokusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Fundi anayebandua kioo, akazihifadhi rizista zake na kuacha bodi bila kuichoma, anafanya kazi ambayo hakuna anayemlipa kuifanya, na inapaswa kufundishwa katika vyuo vya ufundi kama ufundi kamili. Kijana aliyewahi kuichora ramani ya pini 12 kwa betri mbili amejifunza jinsi kila tarakimu inayowaka karibu naye inavyofanya kazi, pamoja na zile za mizani inayopima pamba ya baba yake.

Wingi wa vioo hivyo hautadumu. Televisheni mpya zinauzwa zikiwa na king'amuzi ndani, ving'amuzi vipya vingi vimeondolewa tarakimu na kubakizwa taa moja ndogo inayosema kimewaka au kimezimwa, na simu janja huonyesha saa bure kwenye kioo ambacho hakikubali kuendeshwa na chipu nyingine. Vioo vyepesi vilivyobaki ni vya kile kizazi cha 2013 na miaka michache iliyofuata. Baada yake, chanzo kinachoonekana kwa Simiyu ni mizani za kidijitali zenyewe, zitakapochakaa au kukataliwa na Wakala wa Vipimo. Vioo vyake ni vikubwa, vimetengenezwa ili visomeke kutoka mbali, na nyingi zina tarakimu sita, zinazotosha saa, dakika na sekunde.